Barua pepe zikitoweka kwenye Thunderbird, mikono mbali kwanza

Alasiri moja ya Aprili, mvua ya Kakamega imeshaanza na radi inapiga upande wa msituni, mama mmoja mwenye duka la pembejeo kule Khayega aliingia kwangu akiwa ameifunika CPU yake kwa gunia la mbolea. Hakuketi. "Mwanangu, barua zangu zote zimeisha. Kikasha ni cheupe, na oda ya mbegu imo humo." Stima ilikuwa imepotea dukani kwake akiwa anasoma barua, ikarudi baada ya dakika chache. Alipowasha mashine alikuta Thunderbird, programu anayosomea barua pepe, iko, jina lake liko, folda ziko, lakini ndani ya Inbox hamna hata barua moja.

Nilimwuliza swali moja kabla ya kugusa kibodi: "Mama, tangu ilipotokea umebofya nini?" Akasema hajabofya kitu, alizima akapanda matatu akaja. Nikajua tuna nafasi nzuri. Barua zake zilirudi zote kabla mvua haijakatika.

Wengi hawafanyi kama yeye. Huja kwangu wakiwa wameshafuta akaunti na kuiunda upya, au wameondoa programu na kuisakinisha tena, au wamekubali kila kidirisha kilichojitokeza. Hapo kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya siku mbili, na pengine hakuna tena cha kuokoa. Mimi mwenyewe mwaka 2015, nikiwa bado mgeni katika kazi hii, nilibonyeza Compact Folders, yaani amri ya kubana folda, kwenye kompyuta ya karani wa ofisi moja hapa mjini nikidhani ninasafisha. Barua za miaka mitatu ambazo bado zingeweza kurudishwa zikafutika palepale. Karani yule hakunigombeza, aliinama tu akashika kichwa. Tangu siku hiyo sigusi mashine ya mtu kabla sijaweka nakala.

Menyu za Thunderbird tunazotumia huku ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe nitayaandika vile unavyoyaona. Ukiwa kwenye Windows na mstari wa menyu haupo juu, bonyeza Alt mara moja, utatokea.

Barua iko wapi hasa

Barua unayoisoma inaweza kuwa mahali patatu: kwenye seva, yaani kompyuta ya anayekupa huduma ya barua pepe, kwenye diski ya kompyuta yako, na kwenye orodha iliyo mbele ya macho yako. Kutoonekana kwenye orodha si kutokuwapo kwenye diski, na kukosekana kwenye diski si kukosekana kwenye seva. Kazi yote ni kutambua kamba imekatikia wapi.

Anza na seva, maana huhitaji hata kuigusa kompyuta. Chukua simu, fungua kivinjari, ingia kwenye akaunti yako kupitia tovuti, utafute jina la aliyekuandikia. Pitia Spam, pitia Trash. Kwenye Gmail, barua iliyo kwenye Trash hukaa siku 30 kisha hufutwa kabisa, kwa hiyo ukiikuta humo itoe leo leo. Tazama na nafasi iliyobaki. Gmail ya bure ina GB 15, na hizo zinagawanywa na picha pamoja na faili za Drive. Zikijaa, barua mpya haziingii, na aliyekuandikia hurudishiwa taarifa kwamba imekataliwa. Mwalimu mkuu mmoja aliilaumu Thunderbird wiki nzima, kumbe ni video za sherehe ya shule zilizokuwa zimemeza nafasi.

Kisha jua akaunti yako ni ya aina gani. Fungua Account Settings, ingia Server Settings, usome mstari wa Server Type. Ukiona IMAP, na kwa kawaida namba ya 993 pembeni, barua zako halisi zinakaa kwenye seva na kompyuta inakuonyesha tu kilicho kule. Ukiona POP, na namba ya 995, kompyuta inazifuata kule, inazileta kwako, na kulingana na mipangilio huenda inazifuta zilikotoka. Wa IMAP aliyeziona barua zake kwenye tovuti apumue. Wa POP, nakala iliyo kwenye diski huenda ndiyo pekee iliyobaki, kwa hiyo hatua inayofuata asiiruke hata kwa dakika moja.

Nakala, kabla ya kitu kingine chochote

Funga Thunderbird kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%\Thunderbird, piga Enter. Utaona folda iitwayo Profiles na faili iitwayo profiles.ini. Nakili vyote viwili jinsi vilivyo, ubandike kwenye diski ya nje au flashi. Kwenye Linux folda hiyo kwa kawaida inaitwa .thunderbird, ikiwa imefichwa ndani ya folda yako ya nyumbani.

Kuna jambo la flashi ambalo limewatoa watu machozi. Flashi nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32, na FAT32 haikubali faili moja inayozidi GB 4. Kikasha cha ofisi yenye umri wa miaka kumi kinaweza kabisa kupita hapo. Kunakili kunakwama katikati, mtu anadhani kumekwisha, anachomoa. Fomati flashi kwa exFAT kwanza, ukikumbuka kwamba kufomati kunafuta kilichomo. Ukimaliza kunakili, linganisha ukubwa wa folda ya asili na wa nakala. Namba zikilingana, sasa una ruhusa ya kujaribu.

Zilizofichwa mbele ya macho

Mambo machache huficha barua bila kuziondoa, na yanachukua dakika mbili kuyapitia. Mtu aliandika jina la mteja kwenye Quick Filter juu ya orodha, kisha akabonyeza kialama cha pini. Kuanzia hapo kila folda anayofungua inaonyesha tu barua za mteja huyo, na nyingine zote zinaonekana tupu. Bonyeza Ctrl+Shift+K kuona kama kuna neno lililobaki pale, ulifute, uzime vitufe vilivyowashwa. Kisha fungua View, Threads, uchague All, kwa sababu ikiwa imewekwa Unread, barua hutoweka ukishazisoma. Bofya pia kichwa cha safu ya Date. Wapo waliobofya kichwa cha Subject bila kujua, barua za leo zikajipanga kwa alfabeti na kuzama chini kabisa.

Lakini inayonileta watu wengi ni herufi A. Kwenye Thunderbird, kubonyeza A peke yake ukiwa umeichagua barua huihamishia kwenye folda ya Archives. Haikuulizi, haikuonyi. Karani mmoja wa wakili alikuwa akitaka kutafuta barua ya mteja aitwaye Atieno. Alidhani kishale kiko kwenye kisanduku cha kutafutia, kumbe kiko kwenye orodha. Alipopiga herufi ya kwanza tu ya jina, barua iliyokuwa imechaguliwa ikaruka. Na siku hiyo alikuwa amezichagua barua za mwezi mzima. Tulizikuta zote zimetulia ndani ya Archives, kwenye folda ndogo iliyoandikwa mwaka. Kwa hiyo kabla hujalia, fungua Archives, na kila folda ya mwaka iliyo chini yake. Herufi J nayo huitia barua alama ya taka, basi chungulia na Junk.

Kama unatumia IMAP na ni folda nzima isiyoonekana, bofya jina la akaunti kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Subscribe, utie tiki kwenye folda hiyo.

Daftari likiraruka, darasa halijafungwa

Sasa turudi kwa mama wa Khayega. Baada ya kuweka nakala nilifungua folda ya Profiles, nikaingia kwenye ile yenye jina la herufi zisizo na mpango linaloishia na default-release, kisha kwenye Mail. Barua za POP huwa humo, za IMAP huwa kwenye ImapMail. Kila folda ya barua unayoiona kwenye Thunderbird ina faili mbili kule chini. Moja inaitwa Inbox tu, haina nukta wala chochote mbele yake, nayo ndiyo yenye barua zote zikifuatana kama kitabu kimoja kirefu. Ya pili ni Inbox.msf, nayo ni faharasa: inasema barua ipi inaanzia wapi, nani aliandika, imesomwa au la. Orodha unayoiona kwenye skrini inasomwa kutoka kwenye hii ya pili.

Kwake, Inbox ilikuwa na GB 1.7. Inbox.msf ilikuwa na KB 3.

Nilimgeuzia skrini nikamwonyesha namba hizo mbili kwa kidole. "Ona mama, wanafunzi wote wako darasani. Kilichoraruka ni daftari la majina." Stima ilipopotea, Thunderbird ilikuwa katikati ya kuandika ile faharasa. Huku kwetu, ambako radi za alasiri hupiga miezi mingi ya mwaka, ndiyo ajali ninayoikuta kila mara.

Dawa yake ni kuiandika faharasa upya. Washa Thunderbird, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Repair Folder. Kwa kikasha kikubwa ngoja, usifunge, hata kama inaonekana imeganda. Isipokubali, funga programu, rudi kwenye folda ile, uibadilishe jina Inbox.msf iwe kitu kama Inbox.msf.zamani, uwashe tena. Thunderbird ikikosa faharasa hujitengenezea mpya kwa kuisoma Inbox mwanzo hadi mwisho. Soma jina la faili mara mbili kabla ya kuigusa: ni ile yenye msf. Inbox yenyewe usiiguse.

Wa IMAP, tahadhari kidogo. Kwenu Repair Folder hutupa nakala iliyo kwenye kompyuta na kuzivuta barua upya kutoka kwenye seva. Kama ni GB kadhaa na unatumia bando la simu, litakwisha kabla hujafika nusu. Na barua ambayo seva haina tena haitarudi, ndiyo maana nilikwambia utazame tovuti na uweke nakala kwanza.

Ukikuta Inbox yenyewe ina KB 0

Hapo usikate tamaa, lakini ujue tatizo si faharasa. Swali langu la kwanza huwa: je, programu ilisasishwa au kusakinishwa upya hivi karibuni? Tangu toleo la 68 la mwaka 2019, kila usakinishaji wa Thunderbird hutumia wasifu wake, yaani folda yake ndani ya Profiles yenye akaunti na barua. Ukisakinisha nyingine, inaweza kufungua wasifu mpya mtupu huku ule wenye barua zako umekaa pembeni, mzima. Fungua Help, kisha Troubleshooting Information, ubofye about:profiles. Utaona wasifu zote zilizopo na mahali zilipo kwenye diski. Enda ukazipime moja moja: wenye GB ndio wako. Rudi ubonyeze Set as default profile chini yake, ufunge, uwashe.

Kama wasifu ni mmoja tu, fungua antivirasi yako uangalie sehemu ya Quarantine. Kwa kuwa barua zote za Inbox ziko ndani ya faili moja, antivirasi ikikuta kiambatisho kimoja chenye virusi inaweza kuibeba faili nzima na kuifungia. Irudishe kutoka humo, kisha uiambie antivirasi isiikague folda ya Profiles. Halafu kwenye Thunderbird, ndani ya Settings, Privacy & Security, tia tiki palipoandikwa kwamba antivirasi iruhusiwe kutenga barua moja moja zinapoingia. Barua yenyewe yenye virusi ifute bila kufungua kiambatisho.

Za zamani zipo ila mpya haziji

Hili ni tatizo jingine, ingawa watu huliita kwa jina lilelile. Tazama pembe ya chini kushoto ya dirisha kama programu iko Offline. Kisha tazama saa ya kompyuta. Mashine za zamani zina betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, CR2032, inayotunza saa stima ikikatika. Betri ikifa, kila stima inapopotea kompyuta inarudi nyuma miaka. Ikishaamini kwamba ni mwaka mwingine, inavikataa vyeti vya usalama vya seva, na barua haziingii. Rekebisha tarehe, jaribu tena, kisha ununue hiyo betri. Usipoibadilisha utarudi hapa mvua ijayo.

Kama saa iko sawa, uliza nani mwingine anafungua akaunti hiyo. Mama wa Khayega, miezi michache baada ya ile mvua, alinipigia simu: barua zake za wiki hiyo binti yake aliye Nairobi hazioni kwenye simu, ingawa nenosiri ni lile lile. Kompyuta ya dukani ilikuwa kwenye POP na ilikuwa inazichukua barua na kuzifuta kwenye seva. Ilipokuwa wazi, binti hakupata kitu, ilipozimwa, alipata. Ukiwa Server Settings, tia tiki kwenye Leave messages on server, na kisanduku cha siku, ambacho mara nyingi husema 14, ukiongeze au ukiondoe tiki. Ukiwa na watu wawili au vifaa viwili, heri uhamie IMAP kabisa. Ongeza akaunti mpya ya IMAP pembeni, hamishia barua za zamani humo polepole, na ile ya POP uiache mpaka uhakikishe zote zimefika.

Zilizofutwa kweli

Tuseme umepita kote, na ukweli ni kwamba mtu alizifuta, akamwaga na Trash. Kwenye akaunti ya POP au Local Folders (folda zilizo kwenye kompyuta yako tu) bado kuna tumaini, nalo linategemea kitu kimoja: kama Compact haijapita. Thunderbird ikifuta barua haiitoi kwenye ile faili ndefu. Huitia tu alama kwamba haipo, na faharasa inaacha kuionyesha. Compact ndiyo inayoandika faili upya ikiziacha nje zote zenye alama. Kwa hiyo kidirisha kikitokea kukuomba kubana folda ili kuokoa nafasi, kikatae mpaka kazi hii iishe, na ndani ya Settings, sehemu ya Disk Space, utoe tiki ya kubana kwenyewe.

Fanya hivi juu ya nakala, Thunderbird ikiwa imefungwa. Fungua faili ya Inbox, au ya Trash kama humo ndimo zilimofutwa, kwa kihariri cha maandishi matupu kama Notepad++. Notepad ya kawaida huganda faili ikiwa kubwa, na programu ya kuandikia nyaraka usiitumie kamwe, itaharibu kila kitu. Tafuta jina la aliyekuandikia au kichwa cha barua. Juu yake kidogo utaona mstari huu:

X-Mozilla-Status: 0009

Itazame tarakimu ya mwisho. Ikiwa 8 au 9, au herufi yoyote kutoka a hadi f, barua hiyo imetiwa alama ya kufutwa. Tisa ni barua iliyosomwa kisha ikafutwa; b ni iliyosomwa, ikajibiwa, kisha ikafutwa. Badilisha tarakimu hiyo moja iwe 0, usiongeze wala kupunguza nafasi, uhifadhi. Kisha ondoa faili yake ya msf kama tulivyofanya juu, rudisha faili uliyoihariri mahali pake, uwashe Thunderbird. Barua itatokea kana kwamba ni mpya haijasomwa.

Ni kazi ya subira. Ukizibadilisha zote kwa mkupuo, zitarudi hata zile ulizowahi kuzihamishia folda nyingine, maana kuhamisha nako huacha alama ileile ya kufutwa kule zilikotoka, na utajikuta na barua mbilimbili. Mimi hutafuta zinazohitajika moja moja, mwenye mashine ameketi kando yangu akinitajia majina. Tumewahi kukaa hivyo na mzee mmoja mpima ardhi kutoka asubuhi hadi saa kumi, tukazitoa barua za mteja mmoja tu, na zilikuwa ndizo alizokuwa akizihitaji.

Na kama Compact imeshapita, au diski imekufa, chukua simu umpigie aliyekuandikia. Mwambie afungue folda yake ya Sent, atafute jina lako, akutumie tena pamoja na viambatisho. Anza na mtu wa barua ya haraka zaidi, na umpigie leo, kabla naye hajasafisha folda zake.